Doherty, kufuata kimo au daraja F: ulinganisho wa amplifaya za maikrowevu kwa anayelipia umeme wake

Jiko la maikrowevu la nyumbani, lile la kupashia wali wa jana, hutoa wati 800 hivi za mawimbi ya gigahezi 2.45 na kuvuta kama wati 1,200 ukutani. Ndani yake mna magnetroni, kifaa cha bei ndogo ambacho fundi wa mtaani hukibadilisha ukiwa umekaa unamsubiri. Sasa panda kwenye mnara wa simu. Masafa ni jirani ya yaleyale, waliobuni amplifaya yake (kifaa cha kukuza ishara) wamekesha juu ya vitabu, na bado zile za vizazi vilivyopita zilikuwa zikigeuza robo tu ya umeme wao kuwa mawimbi, mara nyingine hata pungufu. Kilichobaki kilikuwa joto, na joto hilo nalo likahitaji feni na kiyoyozi.

Mbona jiko linaushinda mnara? Kwa sababu jiko halina la kusema. Linapiga kelele moja kwa nguvu ileile hadi kengele ilie. Amplifaya ya mnara inabeba maneno ya watu, na maneno hayana kimo kimoja. Ishara ya LTE (simu za 4G) ya megahezi 20 ni mawimbi madogo 1,200 yanayokwenda bega kwa bega. Muda mwingi yanapishana na kufutana. Mara chache yote yanaangukia pamoja na ishara inaruka juu ghafla. Hata baada ya kukata vilele hivyo kidijitali, kilele kinabaki juu ya wastani kwa desibeli 7 au 8. Desibeli (dB) 8 ni zaidi ya mara 6 kwa nguvu. Yaani ukitaka wati 40 za wastani, lazima ujenge amplifaya inayoweza kutoa wati 250, kisha uiache ifanye kazi ya wati 40 karibu siku nzima.

Ni sawa na kupika uji wa mtoto kwenye sufuria ya pilau la harusi, kuni zote za harusi zikiwaka chini yake, eti wageni huenda wakatokea.

Basi swali la kuchagua muundo si ufanisi wake kileleni. Vipeperushi vya wauzaji hupenda kilele, na tasnifu nyingi za wanafunzi pia. Swali ni ufanisi pale ishara yako inapokaa muda mwingi. Ukilishika hilo, nusu ya ulinganisho imeshajimaliza.

Namba ipi uiamini

Kuna namba mbili zinazoitwa ufanisi na watu huzichanganya, wengine kwa makusudi. Ya kwanza ni ufanisi wa dreni, yaani wa mguu wa transista ambako mawimbi yaliyokuzwa hutokea: nguvu ya mawimbi yanayotoka gawanya kwa umeme wa DC unaoingia. Ya pili ni PAE (ufanisi wa nguvu iliyoongezwa), ambayo kwanza inatoa nguvu ya mawimbi uliyoingiza mlangoni. Transista ikikuza mara 10, PAE ni asilimia 90 ya ufanisi wa dreni, tofauti si kubwa. Ikikuza mara 4 tu, kama inavyotokea ukisukuma transista karibu na mwisho wa masafa yake, ufanisi wa dreni wa 60 unageuka PAE ya 45. Ukiona tangazo linataja ufanisi bila kusema ni upi, chukulia ni ule mkubwa.

Jedwali hili ni la nadharia tupu, bila hasara ya saketi, lakini linaonyesha umbo la mambo. Namba ni asilimia za ufanisi wa dreni.

| Muundo | Kileleni | Chini kwa dB 6 | Chini kwa dB 8 | Chini kwa dB 10 |
|---|---|---|---|---|
| Daraja A | 50 | 12.5 | 7.9 | 5 |
| Daraja B | 78.5 | 39 | 31 | 25 |
| Doherty ya kawaida | 78.5 | 78.5 | 62.5 | 50 |

Daraja A linawaka muda wote, kuna ishara au hakuna, ndiyo maana ukishuka linabaki na aibu. Daraja B linazima nusu ya wimbi. Daraja AB, ambalo ndilo watu hulijenga kweli, liko kati yao lakini karibu zaidi na B. Soma safu ya dB 8, maana ndiko LTE inakoishi: AB haiwezi kuvuka 31 hata katika ndoto, na ukiongeza hasara za kweli unaangukia kwenye 20 na kitu. Doherty, muundo wa transista mbili ninaoueleza hapa chini, inaanzia mara mbili ya hapo.

Doherty

William Doherty alikuwa mhandisi wa Bell Labs huko Marekani, na alichapisha wazo lake mwaka 1936. Hakuwa na habari za simu za mkononi. Shida yake ilikuwa mitambo ya redio ya AM, ile mikubwa ya valvu, ambayo sauti ya mtangazaji ilipokuwa ya chini ilikula umeme bila sababu. Mwaka 1938 kituo cha WHAS cha Louisville kilipata mtambo wa kilowati 50 wa aina hiyo. Baadaye wazo likalala miongo mingi kwenye makabati hadi simu za 3G zilipoleta tena ishara zenye vilele, na leo ukifungua redio ya mnara wa 4G au 5G, yaelekea sana ni Doherty utakayoikuta ndani.

Inavyofanya kazi: transista mbili badala ya moja. Ya kwanza, kiongozi, imewekwa daraja AB na inafanya kazi muda wote. Ya pili, msaidizi, imewekwa daraja C, kwa hiyo inalala hadi ishara ivuke kiwango fulani. Jiko dogo kwa uji wa kila siku, jiko kubwa linawashwa wageni wakibisha hodi.

Lakini hiyo ni nusu tu ya ujanja. Amplifaya huwa na ufanisi mzuri pale volti zake zinapogonga dari. Doherty inampa kiongozi mzigo mkubwa maradufu wakati msaidizi amelala, tuseme omu 100 badala ya 50, na volti zake zinagonga dari akiwa bado na nusu ya mkondo wake. Amefika kwenye ufanisi wa juu mapema. Msaidizi akiamka na kuanza kusukuma mkondo kwenye njia moja naye, mzigo anaouona kiongozi unashuka taratibu kutoka 100 kwenda 50, hivyo anaweza kuongeza mkondo bila kupita dari. Kinachofanya mageuzi haya yawezekane ni kipande cha njia chenye urefu wa robo ya wimbi, ambacho hupindua impidansi, yaani mzigo unaoonekana kwa mawimbi: kubwa huwa ndogo, ndogo huwa kubwa. Kwa gigahezi 2 robo ya wimbi ni milimita 37.5 hewani, na pungufu ya hapo juu ya bodi. Kipande cha shaba kisichofika urefu wa kidole, na ndicho kinachobeba hoja nzima.

Hapohapo pana udhaifu wake. Robo ya wimbi ni robo kwa masafa mamoja tu. Doherty ya kitabuni inakupa upana wa asilimia 10 hivi kabla umbo lake halijaharibika, na mnara wa leo unataka 1800 na 2100 kwenye sanduku moja. Kuna njia za kuipanua, kila mwaka zinatoka mpya, lakini usiingie humo kwenye mradi wako wa kwanza.

Udhaifu wa pili: msaidizi wa daraja C hukuza kidogo kuliko kiongozi, kwa hiyo ukimpa ishara sawa na mwenzake hafiki kileleni. Suluhisho la kawaida ni kumpa sehemu kubwa zaidi ya ishara, au kumchagua awe na mwili mkubwa. Msaidizi wa ukubwa mara mbili anasogeza ile sehemu nzuri hadi karibu dB 9.5 chini ya kilele, ambayo inaifaa ishara ya 5G kuliko zile dB 6 za asili.

Wa tatu ndio unaowachosha wengi: Doherty inapotosha ishara. Msaidizi akiamka, ukuzaji unabadilika na fezi (wimbi liko wapi kwenye mzunguko wake) inateleza. Peke yake haipiti masharti ya kutomwagikia majirani wa masafa. Inahitaji kusahihishwa kidijitali kabla ya kukuza: kompyuta ndogo inapotosha ishara kwa makusudi upande wa pili, ili upotoshaji wa amplifaya uirudishe sawa. Kazi hiyo inahitaji kipokezi cha kurudisha sampuli na chipu yenye nguvu, na vyote hivyo vinakula wati. Kwa amplifaya ya wati 40 hizo ni chenji. Kwa kituo kidogo cha ndani ya jengo kinachotoa robo ya wati, kisahihishi kinaweza kula kuliko unachookoa, na daraja AB la kawaida likaibuka mshindi. Hili watu hulisahau.

Doherty za GaN (aina ya transista nitakayoieleza chini) zilizopo sokoni kwa gigahezi 2 hadi 3.5 hutoa kati ya 45 na 55 kwa desibeli 8 chini ya kilele. Ukilinganisha na 20 na kitu za AB, maneno yanaisha.

Kufuata kimo

Njia hii inaacha mzigo ulivyo na kubadilisha volti. Kama tatizo ni volti kutogonga dari, basi shusha dari. Kifaa cha kulisha umeme kinasoma kimo cha ishara kila wakati na kuipa dreni volti zinazotosha tu, si zaidi. Badala ya majiko mawili una jiko moja la gesi na mkono haubanduki kwenye kitufe.

Faida yake kubwa: haijali masafa. Hakuna robo ya wimbi hapa, kwa hiyo amplifaya moja yaweza kuhudumia bendi nyingi, na ndiyo maana njia hii iliingia kwenye simu za mkononi kabla haijapata nafasi ya maana kwenye minara. Qualcomm walitoa chipu yao ya aina hiyo mwaka 2013, na simu inayokaa na chaji hadi jioni ina sehemu ya deni kwake. Simu haina nafasi ya Doherty kwa kila bendi, na antena yake inashikwashikwa na mkono wa mwenyewe, jambo linaloivuruga Doherty kabisa.

Hasara yake iko kwenye kuzidisha. Amplifaya ikiwa na ufanisi wa 65 na kilishi cha volti kikiwa na 80, jumla ni 52. Kilishi kikishuka hadi 65, umeangukia 42 na kazi yote ya nini. Na kilishi hushuka haraka ishara ikipanuka, kwa sababu kimo cha ishara hubadilika kwa kasi kuliko upana wake. Chenyewe kinahitaji upana mara kadhaa ya ule wa ishara. Megahezi 20 zinawezekana vizuri. Megahezi 100 za 5G ni mlima, na wengi wanaridhika kufuata wastani tu: shusha volti msongamano ukipungua, pandisha ukirudi, usihangaike na kila kilele. Ni njia ya kivivu kidogo lakini inalipa, na inaweza kukaa juu ya Doherty bila ugomvi.

Kupishanisha fezi

Mfaransa Henri Chireix alichapisha wazo hili mwaka 1935, mwaka mmoja kabla ya Doherty. Amplifaya mbili, zote zikipiga kwa nguvu moja isiyobadilika, kila moja kwenye ufanisi wake wa juu. Kimo cha ishara kinatengenezwa kwa pembe kati yao. Fikiria vijana wawili wanaovuta mkokoteni kwa kamba: wakivuta upande mmoja mzigo unaruka, wakiachana pembe kila mmoja anavuta vilevile lakini mkokoteni unasogea kidogo. RCA waliuza mitambo ya AM ya aina hii miaka ya 1950.

Nadharia yake inavutia sana na mimi niliipenda nikiwa mwanafunzi. Kiutendaji, vijana wawili wakipishana hata kidogo kwa nguvu, ishara ndogo haiwezi tena kufutika vizuri, na kiunganishi chao ndicho kinachomeza faida. Ukitumia kiunganishi salama kinachowatenganisha, nguvu inayofutana inaishia kwenye rizista kama joto. Ukitumia kile cha Chireix, wanavutana na unapaswa kukipima kwa uangalifu wa sonara. Isome, ielewe, uiache kwa watafiti.

Daraja F na daraja E

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotelea, kwa kuwa ndipo penye namba za kupendeza. Daraja F linaongezea wimbi la msingi hamoniki zake (mawimbi ya masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea) kwa mpangilio: hamoniki shufwa zinakutana na shoti, witiri zinakutana na saketi wazi, na volti ya dreni inakuwa na umbo la mraba badala ya duara. Volti ikiwepo mkondo haupo, mkondo ukiwepo volti haipo, kwa hiyo joto halipati pa kuzaliwa. Kwa hamoniki zote hadi mwisho wa dunia ufanisi ni 100. Kwa ya pili na ya tatu tu, ambazo ndizo unazoweza kuzidhibiti kweli, dari ni 88 hadi 90 na ushei.

Daraja E, lililochapishwa na Nathan Sokal na Alan Sokal mwaka 1975, linaifanya transista kuwa swichi na kuipanga iwashwe pale tu volti imeshuka hadi sifuri. Ni saketi nyepesi na inapendeza kuitazama kwenye skopu. Lakini volti yake ya kilele inafika mara 3.56 ya ile ya kulisha. Ukilisha volti 28, dreni inaona karibu 100. LDMOS (transista ya silikoni) ya volti 28 kwa kawaida huvumilia 65 tu. Ama uilishe volti 18 na upoteze nguvu, ama uizike. Kuna GaN za volti 28 zinazovumilia 120, nazo zinakuachia nafasi ya kupumua.

Kikwazo cha yote mawili ni kapasita iliyo ndani ya transista yenyewe. Kwenye gigahezi 2, hamoniki ya tatu iko gigahezi 6, na huko kapasita ya dreni pamoja na waya wa ndani ya kifungashio vinaichezea hamoniki kabla haijafika kwenye bodi yako. Unachora shoti safi kwenye programu, lakini transista haioni shoti hiyo. Ndiyo maana daraja J, linalokubali kapasita hiyo na kuitumia badala ya kupigana nayo, limekuwa chaguo la wanaotaka upana wa masafa.

Sasa rudi kwenye jedwali. Daraja F likiwa na 90 kileleni, kwa desibeli 8 chini linashuka hadi kwenye 36, kwa sababu volti haigongi dari tena kama ilivyo kwa B. Umepata asilimia 5 juu ya B kwa taabu yote ile. Kwa ishara ya LTE, F peke yake ni pambo.

Kwa ishara isiyobadilika kimo, mambo yanageuka kabisa, na F au E zinashinda kila kitu kilichotajwa hapo juu. GSM ya simu za 2G ni ishara ya namna hiyo, na 2G bado inabeba simu nyingi vijijini kwetu. Tahadhari tu: sanduku la kisasa likikuza chaneli kadhaa za GSM kwa pamoja, jumla yao inazaa vilele upya, na unarudi kwenye Doherty. Satelaiti ndogo nazo zinaweza kuchagua mtindo wa ishara usiobadilika kimo. 1KUNS-PF ya Kenya, iliyoachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa mwaka 2018, ilikuwa mchemraba wa sentimita 10. Paneli za mwili mdogo kiasi hicho hutoa wati chache tu, na joto halina hewa ya kulipokea. Huko ningeanza na F au E bila kusita.

GaN au LDMOS

LDMOS ni silikoni. Ni ya bei nafuu, imezoeleka, na ina moyo wa punda: zile za volti 50 za mitambo ya redio hutangazwa kustahimili mzigo mbovu wa 65 kwa 1, yaani hata antena ikianguka transista inaweza kuamka kesho yake. Ukiwa chini ya gigahezi 1, sioni sababu ya kutafuta kingine. Ikikaribia gigahezi 3 inachoka. Kapasita yake kubwa inaanza kula ufanisi.

GaN ni gallium naitraidi, nyenzo ileile inayowasha taa ya LED juu ya kichwa chako. Inavumilia nguvu ya uga wa umeme kama mara 10 ya silikoni, kwa hiyo transista ya wati zilezile inakuwa ndogo na kapasita yake ndogo. Ndicho kinachohitajika na Doherty, na zaidi na F na E. Ikijengwa juu ya silikoni kabaidi, joto linatoroka upesi, jambo la maana kwa sanduku linalochomwa na jua la Garissa au Tanga mchana kutwa.

Ila GaN ina masharti. Geti yake, mguu wa kuingizia ishara, inataka volti hasi kabla ya dreni kupata umeme. Ukikosea mpangilio, transista inafunguka yote na kuvuta mkondo wote. Nilichoma moja hivyo: nilibana waya wa dreni nikiwa naongea na mwenzangu, kifaa cha umeme kikapiga kelele, na harufu ikamaliza mazungumzo. Tangu siku ile sijaamini kumbukumbu yangu. Naweka saketi ndogo ya kufuatanisha volti hata kwenye jaribio la dakika tano. Jambo la pili, GaN hukumbuka: elektroni hunaswa ndani ya kristali baada ya kilele kikubwa na ukuzaji unachelewa kurudi, hivyo kisahihishi cha kidijitali kinapata kazi ngumu kuliko kwa LDMOS.

Basi uchague nini

Mnara usio na gridi, unaoishi kwa jenereta na sola, gigahezi 1.8 hadi 2.6: Doherty ya GaN. Nikupe hesabu uifanye mwenyewe kwa namba zako. Amplifaya 6 za wati 40, ufanisi 30, zinavuta wati 800. Kwa ufanisi wa 50 zinavuta 480. Tofauti ni wati 320, uniti 7.7 kwa siku. Jenereta likikupa uniti 3 kwa lita, hizo ni lita 2.5 za dizeli kila siku, zaidi ya 900 kwa mwaka, bado hujagusa kiyoyozi. Mnara haujai saa zote, kwa hiyo kata nusu ukitaka. Zinazobaki bado ni lita za kubebwa mlimani na mtu.

Lakini kabla hujanunua, tazama kebo. Kebo nene ya inchi 7/8 kwenye gigahezi 2 inapoteza kama desibeli 6 kwa mita 100. Amplifaya ikiwa kwenye kibanda chini na antena ikiwa mita 50 juu, nusu ya mawimbi inaishia kwenye kebo. Ufanisi wako wa 50 unakuwa 25 kabla mteja hajapokea chochote. Kuipandisha redio juu ya mnara kunakupa zaidi ya alichotupa Doherty, na hakuhitaji hisabati. Hata nusu desibeli ya kichujio au kiunganishi kibovu ni asilimia 11 ya nguvu.

Kituo kidogo cha ndani, chini ya wati 1: daraja AB. Kifaa cha mkononi chenye bendi nyingi: kufuata kimo, au angalau kufuata wastani. Redio ya FM, LDMOS, tena iliyosukumwa hadi mwisho, kwani FM haina kimo cha kulinda.

Mwanafunzi mwenye muhula mmoja: usianze na Doherty. Chukua transista moja ya GaN ya wati 10, jenga AB, ipime, kisha iongezee hamoniki ya pili hadi ifanane na F au J. Utajifunza kapasita ya dreni kwa machungu yako mwenyewe, na Doherty itakuja mwaka unaofuata ikiwa nusu imeshaeleweka. NanoVNA, kipimo kidogo cha saketi za redio, inatosha kupima vipande vya bodi. Haitoshi kupima transista ikiwa inasukumwa kwa nguvu, maana huko inabadilika tabia.

Na ukipata 75 siku ya kwanza, usiite watu. Chomoa ishara ya kuingiza kwanza, uangalie kipima nguvu. Kikibaki kinaonyesha wati, ulichojenga ni osileta, kifaa kinachojitungia mawimbi chenyewe. Kikishuka hadi sifuri, weka kichujio cha kukata hamoniki kati ya amplifaya na kipima, kwa sababu kipima cha kawaida kinahesabu gigahezi 4 na 6 kama mali yako. Yangu ya kwanza ilikuwa 71. Baada ya kichujio ikawa 58.

Jambo la mwisho kwa mtu wa mnara. Muulize muuzaji kifaa kinavuta wati ngapi saa nane usiku, hakuna anayepiga simu. Daraja AB na kiongozi wa Doherty huvuta mkondo hata bila ishara, na kwenye minara ya vijijini saa za ukimya ni nyingi kuliko za kelele. Redio nzuri huzima geti za transista zake kwenye vipande vya milisekunde visivyo na data na kuziwasha tena bila mteja kujua. Atakupa namba ya kilele. Mwambie asubiri, akuletee na ya usiku, iliyopimwa kwenye waya wa volti 48 unaoingia kwenye sanduku.